Koni ya kuangulia artemia: inatenga maganda vizuri, lakini ichunguze koki yake

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikiangulia mayai ya artemia, wale uduvi wadogo wa maji ya chumvi, katika koni ya plastiki angavu ya lita 2 yenye koki chini, mpira wa hewa na chujio la matundu ya maikroni 120. Walaji ni vifaranga wa farasi-bahari wa aina ya Hippocampus erectus, ambao tangu siku ya kuzaliwa huweza kumeza viluwiluwi wa artemia walioanguliwa punde. Niliinunua kwa sababu moja tu, nayo ni haidroidi, viumbe wadogo wanaouma ambao wanaweza kuingia tangini pamoja na maganda na uchafu wa mayai, kwa hiyo ninaipima kwa kigezo hicho kabla ya kingine chochote.

Aliyewahi kuwaona haidroidi kwenye tangi la vifaranga hawasahau. Katika kizazi changu cha kwanza nilimulika kioo kwa tochi alfajiri, nikaona nyuzi nyeupe fupi kuliko unyoya wa kope, kila mmoja ukiwa umefungua minyiri yake nchani. Kifaranga mmoja alikuwa amejizungushia mkia kwenye mwani uliojaa nyuzi hizo, na alikuwa amekwisha kufa. Haidroidi ni jamaa wa yavuyavu na huuma kwa seli za sumu za namna ileile. Tena hunenepa kwa chakula kilekile tunachowapa vifaranga, hivyo kila mlo wa artemia huwalisha na wao, nao huenea kwenye kioo kwa kasi ya kutisha. Ipo dawa ya minyoo iitwayo fenbendazoli ambayo huwaua, lakini huwadhuru konokono pia, na masalia yake hukaa katika mawe kwa muda mrefu. Ndiyo maana naona ni heri kumzuia mdudu huyu mlangoni kuliko kumfukuza akiwa ndani.

Hapo ndipo koni hii inapostahili sifa. Baada ya saa 24 hivi, katika maji ya nyuzi joto 26 hadi 28 yenye chumvi ya gramu 25 hadi 30 kwa lita, nazima hewa, nafunika sehemu ya juu kwa kitambaa cheusi na kuwasha taa karibu na koki. Maganda matupu huelea, mayai yasiyoanguliwa huzama hadi ncha ya koni, na viluwiluwi, ambao hufuata mwanga, hukusanyika juu yake kama wingu la rangi ya chungwa. Baada ya dakika kumi namwaga kijiko cha kwanza chenye mayai mabovu, nakinga wingu lile, kisha nafunga koki kabla maganda hayajashuka. Katika chupa ya soda niliyoitumia zamani maganda yalinaswa mabegani mwa chupa na kuchanganyika tena kila nilipoiinamisha. Humu hayana pa kushika.

Chujio lisikudanganye, hata hivyo. Matundu ya maikroni 120 huwazuia viluwiluwi, lakini huyazuia mayai na maganda vilevile, kwa hiyo kazi yake si kutenga bali kuosha. Na kuosha hakuna mjadala: maji ya kuangulia hujaa bakteria, hayapaswi kumiminwa ndani ya tangi hata tone, na ninawasuuza viluwiluwi kwa maji mapya ya chumvi hadi povu liishe.

Kasoro kubwa ni koki. Wiki ya tatu niliifungua yote, jambo ambalo karatasi ya maelekezo haikulitaja kwa kuwa inasema suuza tu, nikakuta chini ya pete ya mpira mfereji mwembamba uliojaa utelezi wa kahawia. Maji ya kusuuza hayafiki pale, na mahali penye unyevu wa kudumu na mabaki ya chakula ndipo hasa wadudu wanapojificha. Tangu hapo naitoa pete baada ya kila mwanguo, naloweka vipande vyote katika maji moto yenye siki, kisha naviacha vikauke kabisa, kwa kuwa haidroidi hastahimili ukavu. Kukausha huko huchukua zaidi ya siku nzima, na vifaranga hawawezi kusubiri. Kwa hiyo mnunuzi ahesabu koni mbili za kupokezana, si moja.

Koni pia haiwezi kusafisha mayai yenyewe, na mara nyingine mimi huyavua ganda kwanza. Nayaloweka saa moja katika maji baridi yasiyo na chumvi, nayahamishia katika dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, huku hewa ikiyakoroga, hadi rangi igeuke kutoka kahawia kuwa kijivu na hatimaye chungwa. Kisha nayasuuza mpaka harufu iondoke na kumalizia kwa sodiamu thiosalfeti kidogo, kemikali inayoondoa mabaki ya klorini. Umbo la koni husaidia hapa kwa kuwa hakuna yai linalolala kona likakosa dawa. Vaa glavu na ufungue madirisha. Wanaonunua mayai yaliyokwisha kuvuliwa ganda wasome pakiti vizuri: yale makavu kwa kawaida ni chakula tu na hayaanguliwi.

Maji ya kuangulia nayachanganya upya kila mara. Kuyachota kutoka tangi kubwa ni kumkaribisha haidroidi kwa mkono wako mwenyewe, na vivyo hivyo kutumia wavu mmoja au mpira mmoja wa hewa kwa matangi mawili.

Nimekwisha kununua koni ya pili ya aina hiihii, na ningemshauri mfugaji mwenzangu afanye hivyo iwapo yuko tayari kuifungua koki kila siku. Kizazi cha sasa kiko wiki ya sita. Kila usiku napitisha lenzi ya kukuzia juu ya kioo, na hadi jana sikuona hata uzi mmoja.