Tochi ya zumu, chemli na stilwaya: kipi kinafaa kupigia picha za usiku Moshi?

Ukiuliza tochi soko la Mbuyuni, muuzaji ataiwasha mchana kweupe akuonyeshe inavyofika ukuta wa upande wa pili. Kwa mlinzi hiyo ni sifa. Kwa mtu anayeweka kamera kwenye tripodi, akaacha shata (pazia la kamera linaloingiza mwanga) wazi sekunde 15 na kumulika mwenyewe gizani, nguvu ni jambo la mwisho kuangalia. La kwanza ni mwanga uliotulia. Vitu vyote vilivyopimwa hapa vinapatikana sokoni au madukani mjini, na hakuna hata kimoja kilichotengenezwa kwa ajili ya picha.

Tochi ndogo ya zumu, ile ya bomba la bati yenye lenzi ya kuvuta, ndiyo yenye faida kubwa kuliko bei yake. Ina hali tatu: kali, nusu na ya kumweka. Kosa lake liko kwenye nusu. Tochi hizi hazipunguzi umeme. Zinawaka na kuzima mara mamia kwa sekunde, jicho likadanganyika kuwa mwanga umepungua. Kamera haidanganyiki. Ukichora mstari hewani unatoka vitone vitone kama cherehani imepita. Jaribio ni rahisi na halina gharama: iwashe kwenye nusu ukiwa bado kibandani, ipunge haraka mbele ya macho. Ukiona nukta badala ya utepe, hiyo hali usiitumie kuchora. Kumulikia ukuta au mti haina neno, kwa kuwa chanzo chenyewe hakionekani kwenye picha.

Basi itumie kwenye kali, na upunguze kwa bahasha ya kaki iliyofungwa mdomoni kwa mpira wa pesa. Kaki inafanya kazi mbili: inapunguza mwanga na kuupa joto. LED za bei nafuu zina weupe wa buluu, nyingine zina ukijani unaoifanya ngozi ya mtu ionekane ya mgonjwa. Lenzi isivutwe mpaka mwisho, maana itatupa ukutani pande nne za LED yenyewe pamoja na ukingo wa zambarau. Irudishe ndani, duara liwe pana na laini.

Vipimo vya kuanzia, tuseme migomba mbele na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nyuma, mwezi ukiwa mpevu: ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 400, tundu la lenzi f/3.5, shata sekunde 15 hadi 18. Ukizidisha hapo kwa lenzi ya milimita 18 kwenye kamera ya kihisi kidogo, nyota zinaanza kuvutika (kihisi hicho huifanya 18 iwe kama 27, na kwa kanuni ya wapiga nyota, 500 gawanya kwa 27 ni sekunde 18 na kitu). Mmulikaji avae nguo nyeusi, asimame pembeni na si nyuma ya kamera. Mwanga wa ubavuni unaonyesha mikunjo ya jani. Wa mbele unalilaza kama karatasi. Kwa mita 5, sekunde 3 kwa kila sehemu zinatosha, mkono ukitembea muda wote. Ukirudi nyuma hadi mita 10 hesabu 12, wala si 6, kwa sababu umbali ukiongezeka mara mbili mwanga unabaki robo. Upepo ukivuma, achana na migomba, tafuta ukuta.

Wengi huharibikiwa kwenye mwezi. Nusu mwezi haitoi nusu ya mwanga wa mwezi mpevu. Hutoa kama sehemu moja ya kumi. Mlima uliokuwa unang'aa wiki iliyopita unapotea, na tochi yoyote ya sokoni haiwezi kuurudisha. Panda hadi ISO 3200 au subiri siku zisogee. Fokasi ifanywe kwanza kwa kumulika shina la karibu na mlengwa, kisha lenzi iwekwe kwenye fokasi ya mkono ili isijibadilishe. Shata ibonyezwe kwa kipima muda cha sekunde 2, kidole kisitikise.

Chemli ndiyo mshindi wa rangi. Mwali wake uko karibu na kelvini 1,900 (kipimo cha rangi ya mwanga; namba ndogo ni ya manjano zaidi). Ukiweka mizani ya weupe ya kamera (white balance) kwenye 3,200, chemli inabaki ya dhahabu na mwezi unageuka buluu kidogo, mchanganyiko ambao kompyuta huiga kwa taabu. Ni dhaifu, kwa hiyo iache iwake muda wote wa picha, imefichwa nyuma ya shina au ndani ya dirisha. Futa masizi kwenye kioo kabla ya kutoka; kioo kichafu kinakula mwanga mwingi kuliko unavyodhani.

Stilwaya ina aina mbili, na watu hununua isiyo yake. Ile ya vizongo vinavyong'aa, ya kusugulia sufuria, haishiki moto. Inayotakiwa ni ya kijivu, laini kama sufi, inayoshika kutu, namba 0000, ya mafundi wa mbao. Ichambue ipate hewa, ifunge kwenye mnyororo mwembamba, igusishe betri ya volti 9, zungusha. Kwa ISO 100 na f/8 cheche zinatoka safi. Zinaruka mita nyingi zikiwa bado chuma cha moto, na zinatoboa nguo na kuchubua kioo cha lenzi. Ni kwa murramu au mawe yaliyolowa baada ya mvua tu, maji yakiwa pembeni. Kiangazi, shambani au karibu na msitu wa mlima isitajwe kabisa. Moto wa Oktoba 2020 juu kule unakumbukwa.

Taa za ukanda za kupambia baa zina tatizo lilelile la vitone mara tu rimoti inapopunguza mwanga. Kwenye kiwango cha juu kabisa ni nzuri, ila kubeba betri ya volti 12 kichochoroni ni mzigo.

Kuhusu betri za tochi: 18650, ile ya lithiamu ya kuchaji, iliyoandikwa 9800mAh (kiasi cha chaji inachobeba) ni uongo wa lebo, kwani halisi za kawaida huishia kama 3500. Tatu ndogo za AAA hufifia taratibu, picha ya kumi haifanani na ya kwanza. Nunua pakiti ya ziada ya chapa unayoijua, ubadilishe kabla hazijaisha.