Merlot ya bei nafuu: uanze na ipi, uiache ipi

Kwenye chupa za bei ya chini, Merlot, mvinyo mwekundu uliopewa jina la zabibu yake, huipiku Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu wa zabibu nyingine, kwa sababu zabibu zake huiva wiki moja hadi mbili mapema na tanini zake (ukakasi utokao kwenye maganda na mbegu) ni laini, kwa hiyo hunyweka ingali changa. Tatizo ni kwamba siku zake za kuvunwa ni chache. Ikivunwa mbichi, mvinyo hunukia pilipili hoho. Ikicheleweshwa, uchachu hushuka na ladha huwa kama jemu. Mpangilio huu unaangalia hilo kwanza.

1. Chile. Lebo ya Colchagua au Maipo ni bora kuliko "Valle Central", jina linalofunika mabonde yote hayo. Kiangazi ni kikavu, kuvu ni nadra, na mkulima anaweza kusubiri zabibu ziive. Mwaka 1994 Mfaransa Jean-Michel Boursiquot, mtaalamu wa mizabibu, alibaini kwamba sehemu kubwa ya mizabibu iliyoitwa Merlot nchini humo ni Carménère, aina nyingine ya zabibu inayoiva wiki kadhaa baadaye. Zilikuwa zikivunwa pamoja, moja tayari, nyingine mbichi. Ndiyo maana Merlot ya Chile ilijulikana kwa harufu ya hoho. Siku hizi mashamba mengi yametenganishwa.

2. Bordeaux ya kawaida, Ufaransa. Neno Merlot huenda lisiwepo mbele ya chupa, ingawa ndiyo zabibu inayolimwa zaidi huko. Soma lebo ya nyuma. Mwaka wa mavuno una uzito hapa: 2022 ulikuwa na joto na ukame, zabibu zikaiva vizuri, 2021 ulianza na jalidi ya Aprili, ukafuatiwa na mvua na kuvu, na mivinyo mingi ya bei ya chini ni myepesi mno.

3. Afrika Kusini. Kwa anayenunua Nairobi au Dar es Salaam, ndiyo rahisi kupatikana. Chagua Stellenbosch au Paarl badala ya "Western Cape" tupu. Merlot haivumilii kiu: maji yakipungua, kuiva husimama.

4. Veneto, Italia. Mizabibu hubebeshwa mazao mengi, mvinyo ukawa mwepesi. Kwa piza unatosha.

Zenye sukari iliyobakizwa, ziache. Utamu mara nyingi hufunika zabibu mbichi.

Kiwandani, zabibu huondolewa vikonyo, hupondwa, kisha huchacha pamoja na maganda kwa siku 7 hadi 10, nyuzi 24 hadi 28 hivi. Maganda yanayoelea huzamishwa mara 2 au 3 kwa siku. Yakiachwa yakauke juu, bakteria wa siki huingia. Takriban gramu 17 za sukari kwa lita hutoa asilimia 1 ya kileo, hivyo mvinyo wa asilimia 13.5 ulitokana na juisi yenye gramu 230 kwa lita. Penye kubana gharama ni mwaloni, mti unaoupa mvinyo harufu ya vanila: badala ya pipa la lita 225, vipande vya mti huo huloweshwa tangini. Si kosa, ila vanila ikizidi harufu ya tunda, vilizidishwa.

Dukani, chukua chupa isiyozidi miaka 4, iliyokaa mbali na dirisha. Kizibo kilichochomoza au shingo inayonata ni dalili ya joto. Katika miji ya pwani, kagua kila chupa. Kifuniko cha kuzungusha hakina ubaya wowote. Nyumbani, iweke kwenye friji kabla ya kumimina, hadi ifike nyuzi 16 hadi 18. Ikishafunguliwa, irudishe frijini na uimalize ndani ya siku 3.