Nilivyoifufua kompyuta ya steshenari ya mama, Tanga

Mama yangu ana steshenari Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Ni chumba kimoja tu: mashine ya kopi, printa ya leza, benchi la wateja, na kompyuta niliyomnunulia mimi mwaka 2019 kwa mfanyabiashara wa mitumba ya Uingereza. Ni Dell OptiPlex 3020, ile nyembamba. Prosesa yake ni Core i5 ya kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) GB 4, na diski ya kawaida ya GB 500. Kila fundi aliyepita pale dukani alikuwa na hukumu moja: mashine imechoka, mama nunua nyingine.

Julai 2025 akanipigia simu. Matokeo ya kidato cha sita yametoka, vijana wamejaa mlangoni wanataka kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB na kuhakiki vyeti vya kuzaliwa RITA, na kompyuta haifungui tovuti hata moja. "Mwanangu, mashine imeisusa intaneti," akaniambia. Simu yake inafungua, kompyuta inayotumia bando la simu hiyo hiyo haifungui. Alikuwa ameshamwita fundi, akaambiwa ni virusi, akalipa 30,000, ikafanya kazi siku moja. Asubuhi ya pili ikarudi kule kule. Fundi akasema basi, madabodi, ile bodi kuu ya ndani, ndiyo inakufa.

Nilimwomba anipigie picha ya kioo anitumie WhatsApp. Kona ya chini, upande wa kulia, tarehe ilisomeka ya mwaka 2013.

Hapo nilicheka peke yangu ofisini. Madabodi ina betri ndogo ya duara, CR2032, ile ile ya rimoti za magari, na kazi yake ni kuifanya saa itembee wakati umeme umezimwa. Ikifa, saa inarudi nyuma kila unapochomoa waya. Sasa kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari hukipima kwa saa ya kompyuta. Ukikiambia kivinjari huu ni mwaka 2013, kinaona cheti hakijazaliwa na kinakataa kufungua. Mama naye kila jioni huzima swichi ya ukutani ili LUKU isiliwe bure. Fundi alipoweka antivairasi alirekebisha na tarehe, ndiyo maana siku ile moja ikakubali. Nilimuuliza mama kama asubuhi huwa anaona maandishi meupe kwenye kioo cheusi, onyo la betri. Akasema ndiyo, yapo tangu mwaka juzi, yanasema ubonyeze F1, naye hubonyeza. Kwake ilikuwa kama kupiga hodi kabla ya kuingia.

Betri hiyo ilikuwa shilingi 2,000. Ningeweza kumwelekeza mtu yeyote aiweke, nikabaki zangu Dar. Lakini kwa simu hiyo hiyo nilimsikia akimwambia kijana mmoja, "Kaa kwanza, bado inawaka," na nikahesabu zaidi ya dakika nne kabla hajaanza kazi. Nikaona nipande basi.

Nilinunua Kariakoo SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya GB 240 kwa 65,000, waya wa kuunganisha diski kwa USB kwa 15,000, pesti ya kupozea prosesa kwa 5,000, na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya VA 650 kwa 140,000. RAM niliagiza kwa simu kwenye duka jingine, wakaniletea kituoni ikiwa imefungwa vizuri mno, nikaitia begini bila kuifungua. Kosa langu. Nimeifungua Tanga, kilomita 350 kutoka dukani, nakuta kijiti kifupi cha kompyuta mpakato. Nilikuwa nimewaandikia jina la mashine na neno DDR3, yaani aina ya RAM yake, neno kwa neno. Shilingi 28,000 hizo wameahidi kuzirudisha, na ahadi ndiyo niliyonayo mpaka leo. Ukiagiza RAM, fungua mbele ya aliyeileta: ya mezani ni ndefu, ya mpakato ni kama nusu yake. Na DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR3 hata uibembeleze vipi, pengo lake limekaa mahali tofauti.

Jumamosi asubuhi, baada ya mbaazi na mahamri, nikaifungua CPU (huku kwetu boksi zima ndilo CPU, wataalamu watusamehe). Vumbi lilikuwa limeganda kama zulia kwenye feni, na chini ya diski alikuwepo mjusi kafiri, mkavu kama karatasi. Mama akasema, "Kumbe ndiye aliyekuwa akinuka mwezi wa Ramadhani." Tanga ni unyevu na chumvi ya bahari, kwa hiyo miguu ya RAM iliyokuwemo ilikuwa imefifia rangi. Raba ya kufutia penseli inatosha kuisafisha, na kwa bahati nilikuwa kwenye duka linalouza raba.

RAM ya kuongezea niliipata kwa fundi yule yule wa virusi. Nilimpigia kwa shingo upande, akaja na baiskeli yake baada ya nusu saa akiwa na kijiti cha GB 4 alichokitoa kwenye mashine iliyokufa, 20,000, tukakijaribu kabla sijalipa. Nikamwonyesha betri. Akaitazama, akasema, "Hii nimejifunza leo." Sikuwa na neno tena.

Pale ndipo nikafanya ujinga wangu. Nikaweka Windows upya kwenye SSD, safi kabisa, nikijua nampa mama zawadi. Ikawaka kwa sekunde kama ishirini. Nikamwita. Akakaa, akaangalia kioo, akaniangalia mimi.

"Vitu vyangu umevipeleka wapi?"

Kioo chake cha zamani kilikuwa kimejaa mafaili kutoka ukingo hadi ukingo, na mimi siku zote niliuona ule kama uchafu. Kumbe ni kabati. Safu ya kushoto ni barua za maombi ya kazi, ya kati ni wasifu wa wateja wanaorudi kila mara Ajira Portal inapotangaza nafasi, ya kulia ni kadi za harusi na vipeperushi vya khitima. Hakuna jina la mteja humo. Utakuta "kijana wa Makorora mrefu", utakuta "barua ya mume wa mwalimu". Programu ya skana anaijua kwa mahali ilipokaa, haijui kwa jina. Nikamwambia mafaili yapo, nitayarudisha. Akasema, "Yakirudi yarudi mahali pake."

Nikafuta kila kitu kwenye SSD na kuanza upya kwa njia ambayo ningeitumia toka mwanzo: nikaichomeka SSD kwa ule waya wa USB na kuihamishia diski ya zamani nzima kama ilivyo, Windows, printa, mafaili, hata picha ya ukutani ya mjukuu. Diski ilikuwa ya GB 500 lakini kilichotumika hakikufika GB 100, kwa hiyo GB 240 ilitosha na kubaki. Ilichukua karibu saa tatu. Umeme ukakatika katikati, na hapo UPS ikalipa gharama yake siku ya kwanza.

Mama aliporudi kutoka sokoni akabonyeza kitufe, akakuta kila kitu kilipokuwa, ila sasa kinafunguka. Hakusema asante. Alisema, "Sasa hii ndiyo kompyuta yangu," akamwita mteja wa kwanza. Jioni ile alijaza fomu za mkopo za vijana saba. Kazi yenyewe mnaijua: ujaze, uchape, mtoto akatafute sahihi kwa mwenyekiti wa mtaa na wakili, arudi, uskani kurasa, uzipandishe. Zamani akiwa na Word, kivinjari na skana kwa pamoja, mashine ilikuwa ikiganda hadi aizime kwa kidole.

Kwa maoni yangu kazi kubwa imefanywa na SSD. Diski ya kuzunguka husoma MB mia na kitu kwa sekunde, na ikiombwa vitu vidogo vidogo vingi kwa wakati mmoja inakuwa kobe. SSD ya SATA hufika 500 na zaidi, na haina sindano ya kutafutatafuta. RAM kutoka 4 hadi 8 imeondoa kule kuganda. Prosesa sikuigusa zaidi ya kubadilisha pesti. Core i5 hiyo ina viini vinne vya kufanyia kazi na kwa barua, fomu na Excel haijawahi kulalamika. Kwa hiyo wale waliosema mashine imechoka walikuwa wanaisema diski.

Kuhusu UPS niseme jambo moja, maana nimeliona kwenye steshenari nyingi: printa ya leza usiichomeke humo. Inapopasha moto ile rola yake inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo itapiga kelele au itazima kila kitu. Ya mama inabeba CPU na monita tu. Printa inakaa ukutani.

Sasa kasoro, na si ndogo. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine ya mama haina. Zipo njia za mkato za kuilazimisha. Sikuzitumia, kwa sababu sasisho likija kuharibika mimi niko Dar na yeye ana foleni. Nilimsajili kwenye masasisho ya usalama ya ziada, ambayo mwisho wake ni 13 Oktoba 2026. Linux, mfumo mbadala wa Windows, nilimwonyesha kwenye kompyuta yangu. Aliipenda rangi, kisha akafungua wasifu mmoja wa mteja, majedwali yakahama, akafunga.

Kasoro ya pili ni pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Dell wa toleo hili wametumia plagi yao wenyewe ya pini nane kwenye madabodi, si ile ya pini 24 ya kawaida. Ikifa, usitegemee kuokota yoyote kwa fundi wa jirani. Utafute ya Dell au adapta yake.

Ukiondoa UPS na ile RAM ya hasara, nilitumia 107,000, betri ikiwemo. CPU ya mtumba yenye kizazi cha nane wakati ule nilitajiwa 550,000. Kwa anayenunua leo kutoka sifuri nitamwambia aanzie kizazi cha nane, asiguse cha nne hata akipewa kwa bei ya chipsi. Kwa ambaye tayari anayo kama ya mama, aweke SSD na abadilishe betri kabla hajamsikiliza mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Nimeshamwambia mama kwamba mashine mpya itakuja kabla masasisho hayajaisha, na kwamba SSD na UPS zitahamia humo. RAM itabaki, haitaingia. Ameuliza swali moja tu: kama safu zake tatu zitahama pamoja naye. Nimemwambia zitahama. Akasema basi nije nayo mwezi ambao hakuna fomu.