Vidonge vya macho visivyo na jelatini: miezi saba na mama

Mama ana miaka 69. Mwaka jana daktari wa macho alimkuta na kuzorota kwa makula, ile sehemu ya katikati ya retina tunayosomea na kutambulia nyuso. Akamwandikia mchanganyiko wa AREDS2, uliotokana na utafiti wa Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani uliotolewa 2013: luteini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2 (zote mbili rangi za asili za mimea), vitamini C miligramu 500, vitamini E, zinki na shaba kidogo, maana zinki ikizidi hupunguza shaba mwilini. Alitwambia wazi kuwa uoni uliopotea haurudi. Dawa inapunguza uwezekano wa ugonjwa kufika hatua ya mwisho.

Chupa ya kwanza niliinunua hapa hapa Unguja. Mama akashika kidonge, akakibonyeza. "Ganda hili la nini, mwanangu?" Nikasoma nyuma: jelatini, ile inayochemshwa kutoka ngozi na mifupa ya wanyama, basi. Ya ng'ombe, ya samaki au ya nguruwe, haikuandikwa, na muuzaji hakujua. Mama akairudisha chupa mezani, na sikubishana naye. Juu ya hayo, wiki mbili za joto la Februari zilitosha vidonge kugandana vikawa bonge moja, nikawa navibandua kwa kijiko.

Jirani yetu Mhindu, asiyekula nyama wala samaki tangu kuzaliwa, ndiye aliyenionyesha cha kutafuta: herufi HPMC, au neno hypromellose. Hilo ni ganda la selulosi, yaani nyuzinyuzi za miti zilizosindikwa. Lipo pia la pululani, linalotokana na wanga wa muhogo uliochachushwa. Kaka yangu aliyeko Muscat akatuletea chupa ya HPMC, mchanganyiko ule ule.

Kabla ya kumpa mama nilitia kidonge kimoja kimoja kwenye glasi mbili za maji vuguvugu. Ganda la jelatini lililegea haraka na kupasuka. La HPMC lilianza kutoa ute, kama bamia iliyokatwa, likakaa dakika kadhaa zaidi, kisha likafunguka na unga wa rangi ya chungwa ukatawanyika. Rangi hiyo ni ya luteini, inayokamuliwa kwenye maua ya marigoldi; vidole vyangu vilibaki na rangi kama niliyeshika manjano.

Kwa joto letu, maganda haya ya HPMC ni bora sana. Miezi saba, hakuna hata kimoja kilichoshikana na mwenzake. Kasoro ipo: ni vikubwa, viwili kwa siku, na mama humeza kwa uji mwepesi kwa sababu maji pekee hayavisukumi. Bei nayo ni karibu mara moja na nusu ya vile vya jelatini. Siku za mwanzo alivimeza asubuhi kabla ya kula, zinki ikamtia kichefuchefu. Tukahamishia baada ya chakula cha mchana, na hiyo ndiyo saa yake hasa, kwa kuwa luteini inahitaji mafuta ili mwili uipokee, na mchuzi wa nazi unatosha.

Anayevuta sigara, au aliyewahi kuvuta, aangalie chupa isiwe na beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza vitamini A. Fomula ya zamani ya AREDS, ya 2001, ilikuwa nayo, na kwa wavutaji inaongeza hatari ya saratani ya mapafu.

Vidonge laini visivyo na jelatini vipo pia. Ganda lake hutengenezwa kwa wanga na karajinani, na karajinani hutoka kwenye mwani, ule ule ambao mama mdogo anaulima Jambiani tangu mimi mdogo, akiufunga kwenye kamba maji yanapokupwa. Nilipomweleza mama, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nimpigie simu mdogo wake. "Mwambie mwani wake watu wanawekea dawa ya macho. Miaka yote anauza kwa kilo, hakuna aliyemwambia unakwenda kufanya nini."