Delicious in Dungeon: mashujaa wanaokula mazimwi

Anime nyingi (filamu za katuni za Kijapani) za safari za kichawi huwapa mashujaa upanga, ramani na adui, kisha husahau kuwalisha. Delicious in Dungeon, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 4 Januari 2024 na ambayo Netflix ilikuwa ikiitoa sehemu moja kila wiki, imeifanya njaa kuwa kiini cha kisa chake, na baada ya kutazama sehemu nne za kwanza naona kwamba uamuzi huo ndio unaoitofautisha na nyingine za aina yake. Imetengenezwa na studio ya Trigger chini ya mwongozaji Yoshihiro Miyajima, kutokana na manga (kitabu cha katuni cha Kijapani) ya Ryoko Kui iliyoanza kuchapishwa mwaka 2014.

Kisa kinaanza kwa kushindwa. Laios na kundi lake wanapambana na joka jekundu ndani kabisa ya shimo la kale lenye ghorofa nyingi chini ya ardhi. Njaa imewalegeza, na Falin, mdogo wake Laios, anamezwa huku akiwatoa wenzake nje kwa uchawi. Kwa kuwa ndani ya shimo hilo roho ya mtu haiachani na mwili kwa urahisi, aliyekufa anaweza kufufuliwa, mradi wenzake wamfikie kabla joka halijamaliza kumsaga tumboni. Mizigo yao, hata hivyo, imebaki kule chini, wenzao wawili wamejiondoa kundini, na fedha za kununua chakula hawana. Laios anapendekeza, kwa uchangamfu unaotia shaka, kwamba wajilishe kwa mazimwi watakayoyaua njiani. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapa Laios ndiye anayeyajua mazimwi, na ndiye mlaji.

Wanaofuatana naye ni Marcille, mchawi wa jamii ya elfi, viumbe wa hadithi wanaofanana na binadamu, ambaye kila mlo humtoa mayowe kabla ya kumtoa udenda, na Chilchuck, fundi wa kufungua makufuli na kutegua mitego. Punde wanakutana na Senshi, kibete mwenye ndevu nyingi ambaye kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akichunguza namna ya kuyapika mazimwi, na mlo wao wa kwanza unakuwa mchuzi wa nge mkubwa na uyoga unaotembea kwa miguu.

Ningetarajia mzaha huo uchoshe upesi, lakini hauchoshi, kwa sababu watunzi wanauchukulia upishi kwa uzito wote. Kila kiumbe kina maumbile yake, na maumbile hayo ndiyo yanayoamua jinsi ya kumwinda na jinsi ya kumpika. Katika sehemu ya pili, Marcille na Senshi wanabishana kuhusu mandrake, mmea ambao yowe lake huua anayeung'oa: mmoja anatetea njia ya vitabuni, mwingine njia aliyojifunza kwa mazoea, na ubishi huo unatufunulia tabia zao kuliko ambavyo mazungumzo marefu yangeweza. Baadaye Senshi anatumia mafuta yanayomwagika kutoka kwenye mtego kukaangia chakula, jambo linalomkera Chilchuck, ambaye mitego ndiyo kazi yake. Sehemu ya tatu inatwambia kwamba deraya inayotembea yenyewe haina uchawi wowote, bali ni makazi ya viumbe wa jamii ya konokono, ambao wanaishia sufuriani. Sehemu ya nne ndiyo iliyonivutia zaidi, kwani Senshi analima kabichi na karoti juu ya migongo ya magolemu, yaani masanamu ya udongo yanayotembea kwa uchawi, na kuzirutubisha kwa mbolea kutoka vyoo vya shimoni. Ni nadra kwa hadithi ya aina hii kujali vyoo.

Uchoraji unastahili sifa, hasa pale mvuke unapopanda na kitoweo kinapogeuzwa kwenye mafuta. Mapigano ni mafupi, na mtu anayetafuta vita vya kumtoa jasho huenda akaona muda mwingi unapotelea jikoni.

Kasoro kubwa ninayoiona ni kwamba haraka iliyotangazwa mwanzoni inasahaulika. Falin yumo tumboni mwa joka, lakini kaka yake anasimama kustaajabia kila mdudu. Tunaelezwa kuwa joka hilo hulala sana na husaga chakula polepole, maelezo ambayo yananiridhisha kwa kiasi tu. Tena tumemwona Falin kwa muda mfupi mno kiasi kwamba huzuni ya kumpoteza tunaisikia kwa maneno ya wengine. Kugawa sehemu moja katika visa viwili au vitatu vidogo nako kunaifanya simulizi isimame na kuanza upya mara kwa mara.

Kwa upande wa sauti, ningeshauri kuitazama kwa Kijapani. Hiroshi Naka anampa Senshi sauti nzito isiyo na papara, naye hutaja viungo vya mlo kwa utulivu uleule anaotumia kuonya kwamba kuna kitu nyuma ya mlango kitakachowaua.