Uzoefu wangu na Ripoti ya Marti kwa Mustang ya 1967

Ripoti ya Marti ni karatasi inayoeleza jinsi gari la Ford lilivyotoka kiwandani; naipa nyota nne kati ya tano. Sijaona karatasi nyingine inayoifikia, maana Marti Auto Works, kampuni inayoitoa, wanatumia kumbukumbu za uzalishaji za Ford yenyewe. Mwenye Mustang ya 1965 au 1966 asijisumbue kuagiza: kumbukumbu hizo zinaanzia modeli ya 1967.

Isome kwanza namba ya chasisi mwenyewe. Tuseme inaanza na 7R02S, kisha tarakimu sita. 7 ni modeli ya 1967. R ni kiwanda cha San Jose. F ingekuwa Dearborn, T Metuchen. 02 ni fastback, lile umbo la paa linaloteremka mpaka nyuma. 01 ni hardtop, yaani paa gumu la kawaida, na 03 ni paa la kukunja. S ni injini ya inchi za ujazo 390. C na A zote ni 289, ila C ina kabureta ya midomo miwili na A ya minne. T mahali pa injini ni silinda sita, 200. Tarakimu sita za mwisho ni za mfululizo, kuanzia 100001.

Programu za bure za mtandaoni huishia hapo. Ripoti inaendelea: rangi, gia, difu, vifaa vya ziada vilivyoagizwa, tarehe ya kuundwa. Kiyoyozi, kwa mfano, hakimo kwenye namba wala kwenye bamba la kiwanda lililo mlangoni, kwa hiyo bila ripoti ni vigumu kuthibitisha kama kilitoka kiwandani au kilifungwa baadaye. Kwangu mimi, hiki pekee kinatosha kuilipia.

Tarehe ya ripoti ikitofautiana siku chache na ya bamba, usilalamike. Bamba linaonyesha siku iliyopangwa: 15C ni tarehe 15 Machi (herufi I imerukwa, hivyo J ni Septemba). Tofauti ikiwa kubwa, au rangi na gia zisipolingana, shuku mlango. Mlango hufungwa kwa bolti, na ukihamishiwa gari jingine bamba linakwenda nao. Mabamba mapya ya kuiga nayo yanauzwa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ripoti inasoma namba uliyotuma, bati haiioni. Namba iliyogongwa upya kwenye gari jingine itakuletea ripoti safi kabisa. Fungua boneti, tazama ukingo wa juu wa bati la ndani upande wa kushoto, penye pengo la madigadi. Rangi ikiwa nene, iondoe kwa dawa ya kuondolea rangi na brashi ya shaba. Usitumie msasa wala grainda: utakula herufi, na mnunuzi ajaye atadhani umezichezea. Mulika tochi kwa ubavu. Kisha legeza bolti za madigadi utafute muhuri mwingine uliofichwa chini yake. Ikiwa namba hizo mbili hazifanani, usilipe hata amana.

Kujua kama injini ni ya asili nako ni shida kwa modeli ya 1967. Kugonga namba ya gari kwenye injini za kawaida kulianza na modeli za 1968, kwa hiyo kwa 390 ya 1967 tegemea tarehe iliyosubiwa kwenye bloku: 7C15 ni 15 Machi 1967. Lazima itangulie tarehe ya gari kuundwa.