Siku 1,260 za Ufunuo: ni miaka ama ni alama?

Hapa Kisumu na kule Kisii, penye Wasabato wamejaa, hii hesabu utaisikia sana: siku moja ya unabii ni mwaka mmoja, wanatoa kwa Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6, so siku 1,260 za mateso (Ufunuo 12:6) zinakuwa miaka 1,260 ya utawala wa Papa, kuanzia mwaka 538 wakati Wagothi, kabila la kale la Kijerumani, waliacha kuzingira Roma mpaka 1798 jeshi la Ufaransa chini ya Berthier likamkamata Papa Pius VI. Hesabu inaingia vizuri, hiyo siwezi kataa.

Wengine nao wanasema ni alama. Angalia, miezi 42 ya Ufunuo 13:5 ukizidisha kwa 30 unapata 1,260, na "wakati na nyakati na nusu ya wakati" ya Ufunuo 12:14 ni ile ile miaka mitatu na nusu, yaani nusu ya saba, na saba ni ukamilifu. Kwa hivyo mateso yanakatwa katikati, hayafiki mwisho wake. Tena ni muda ule ule mvua ilikosa siku za Eliya, Yakobo 5:17 anasema hivyo, na Mungu alimlisha Eliya wakati wote huo, kama vile yule mwanamke wa Ufunuo 12 analishwa jangwani.

Mimi naegemea hii ya pili ju Ufunuo uliandikiwa makanisa kama ya Smirna na Pergamo, watu waliokuwa wanateswa, jamani, 1798 ingewasaidia nini? Ila wale wa kwanza wanasoma Danieli kwa bidii kuliko sisi, na Danieli 7:25 lazima usome ndio uelewe hii namba.